Vyuo Vyetu Vidogo na Kemia ya Uhai

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, nyumba za Unguja na Pemba, kama zilivyo nyumba za Tanga na Korogwe, hugawanyika: huku vifijo, huku matanga. Matanga haya hayana maiti. Ni ya mzazi ambaye mwanawe amepata alama njema katika kemia na biolojia, lakini hazikutosha kumwingiza katika udaktari, na sasa ameelekezwa kusoma baiokemia, yaani kemia ya uhai, au sayansi ya maabara, au ualimu wa kemia, tena katika chuo kidogo ambacho majirani hawajapata kukisikia. Akiulizwa barazani mwanawe anasomea nini, mzee huyo hujibu kwa sauti ya chini, kisha huharakisha kugeuza mazungumzo.

Tunaandika leo kuwatetea vijana hao, na vyuo hivyo, na somo lenyewe. Hatutafanya hivyo kwa kuimba sifa za sayansi, kwani sifa hizo zimeimbwa vya kutosha majukwaani na hazijaongeza chupa moja ya dawa katika maabara yoyote. Tutachukua mahali pamoja, Mkata, na zao moja, muhogo, tuone somo hilo linafanya kazi gani, na chuo kidogo kinaweza kufanya nini bila ya kungoja chuo kikubwa.

Msomaji wetu wa Wete au wa Makunduchi ana haki ya kuuliza, Mkata inatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Mkata ni mji mdogo wa Wilaya ya Handeni, katika barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, na wasafiri wengi wanaujua kwa kupita tu, wakinunua matunda dirishani mwa basi. Nyuma ya barabara hiyo ndiko yaliko mashamba ya mahindi na muhogo ya Uzigua. Mazao ya Handeni na Korogwe huteremka hadi Tanga, na kutoka Tanga sehemu ya chakula cha bara hupakiwa vyomboni kwenda Pemba. Gunia likishafika Wete haliulizwi limelimwa na nani. Lililomo ndani yake, la heri au la shari, limekwisha kuwa letu.

Tena Uzigua ni nchi inayoijua njaa. Katika karne ya 19 njaa iliwashusha Wazigua wengi pwani kutafuta chakula, nao wakapakiwa majahazini na kuuzwa utumwani mpaka Somalia. Vizazi vyao vilikimbia vita vya nchi hiyo katika miaka ya 1990, wakaingia Tanzania wakiwa wakimbizi, baadhi yao wakiwa bado wanasema Kizigua, na hatimaye wakapewa makazi Chogo, katika wilaya hiyo hiyo ya Handeni. Mkulima wa nchi yenye kumbukumbu kama hiyo hapandi muhogo kwa kuupenda tu. Huupanda kama akiba, kwa sababu mahindi yakikauka shambani muhogo husimama. Na pengine huchagua ule mchungu, ambao nguruwe mwitu na wezi huuogopa.

Uchungu huo ndio mlango wa somo letu. Ndani ya chembe hai za mzizi wa muhogo mna kitu kiitwacho linamarini, ambacho ni sukari iliyofungamana na sianidi, sumu kali inayozuia chembe za mwili zisiweze kuitumia hewa tunayovuta. Katika kuta za chembe hizo hizo mna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Muda wote mzizi ukiwa mzima, viwili hivi hukaa mbalimbali kama majirani wasiosemezana. Mnyama akiutafuna mzizi, au mtu akiukuna, kuta huvunjika, kimeng'enya hukutana na linamarini na kuikata, na baada ya hatua moja zaidi sianidi huachiliwa na kuanza kupaa hewani. Kwa mmea hiyo ni silaha. Kwa mpishi mwenye subira ni nafuu, maana sumu hutoka kabla chakula hakijaingia kinywani. Mama anayeukuna muhogo mchungu, au anayeuloweka siku tatu mpaka ukalainika, kisha akauanika na kuutwanga, amekipa kimeng'enya nafasi na muda wa kumaliza kazi yake. Yule anayeumenya na kuuanika ukiwa mzima, akapata makopa mazuri meupe, huenda amekikausha kimeng'enya kabla hakijafanya kitu, na sehemu kubwa ya sumu imebaki katika unga wa bada, huo ugali wa muhogo.

Mwili nao una kemia yake. Sianidi kidogo ikiingia, mwili huigeuza kuwa kitu kisicho na ukali mkubwa kiitwacho thiosianati, kikatoka kwa mkojo. Lakini kazi hiyo inataka salfa, na salfa hiyo mwili huipata katika protini: samaki, mayai, nyama, kunde na maharage. Hapo msomaji wa visiwani atatambua jambo. Muhogo wake wa nazi kwa papa au kwa dagaa haukuwa mpango wa ulimi peke yake. Waliotuachia mapishi hayo hawakulijua neno salfa, lakini kitoweo kilifanya kazi yake.

Sasa tutazame mwaka wa ukame. Muhogo ukikosa maji huzidisha sumu yake. Watu wenye njaa huung'oa na kuula kabla ya siku zake za kulowekwa kutimia. Maji ya kulowekea yenyewe ni shida. Kunde zimekauka, kitoweo hakuna, na mwili hauna salfa ya kujitetea. Mambo haya yakikutana, huzuka ugonjwa uitwao konzo: mtu hulala mzima na kuamka miguu imekakamaa, na ukakamavu huo hauponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Jina lake ni la Kiyaka, lugha ya watu wa kusini-magharibi mwa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa; liliingia katika vitabu vya matibabu mwaka 1938. Mwaka 1981 ugonjwa huo uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame. Mwaka 1985, katika ukame pia, ulizuka Tarime, na baadaye ukaonekana kusini mwa nchi yetu, Mtwara na jirani zake. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, chombo kilichoundwa na Serikali mwaka 1973, walikuwa miongoni mwa walioichunguza habari hiyo pamoja na wenzao wa Uswidi.

Hatuyaandiki haya kuwatisha watu wa Handeni, wala hatusemi kuwa ugonjwa huo uko Mkata. Tunayaandika kwa sababu hali zinazouzaa, yaani ukame, muhogo mchungu na ukosefu wa kitoweo, si ngeni kwa nchi hiyo, wala si ngeni kwa Micheweni. Na tunayaandika kwa sababu yana fundisho kuhusu elimu ambalo viongozi wetu hawana budi kulipima.

Watu wa Tarime na wa Nampula hawakuwa wajinga wa muhogo. Kanuni za kuutengeneza walikuwa nazo, wamerithi kwa mama zao. Lakini kanuni iliyorithiwa bila ya sababu yake ni kama ufunguo wa mlango mmoja. Mwaka wa kawaida unafungua. Mwaka wa ukame, maji yakikosekana na siku tatu zikiwa ni nyingi mno kwa tumbo la mtoto, mtu hulazimika kuipunguza kanuni, na asiyejua sababu hawezi kujua apunguze wapi. Akipunguza siku ya mwisho ya kuanika, huenda asidhurike. Akipunguza kuloweka, huenda akampoozesha mwanawe. Anayejua kwamba jambo lenyewe ni kukikutanisha kimeng'enya na linamarini palipo na maji, na kuiachia sianidi njia ya kutokea, huyo anaweza kutafuta njia nyingine.

Na njia nyingine ilipatikana. Mkemia mmoja wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Howard Bradbury, alijiuliza kitafanyika nini kwa unga ambao umekwisha sagwa na sumu ingali ndani yake. Jibu lake ni jepesi hata linaudhi. Unga hutiwa maji na kukorogwa, hutandazwa juu ya mkeka au sinia kwa unene usiozidi sentimita moja, na kuachwa kivulini saa tano. Kimeng'enya kilichobaki katika unga huamka kwa maji hayo, humaliza kazi yake, na sianidi hupaa. Kisha unga hupikwa ugali siku hiyo hiyo. Haikutakiwa mashine, wala umeme, wala mkopo wa benki. Njia hiyo ilijaribiwa Msumbiji na Tanzania, na katika kijiji cha Kay Kalenda huko Kongo, ambako wanawake walifundishwa kuanzia mwaka 2010, hakukutokea mgonjwa mpya wa konzo muda wote wa mradi.

Bradbury huyo huyo na wenzake walitengeneza kipimo ambacho mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kukitumia. Ni kipande cha karatasi ya manjano iliyotiwa pikrati, kinachofungiwa ndani ya chupa ndogo pamoja na unga kidogo na maji, kikaachwa mpaka kesho yake. Karatasi ikigeuka rangi ya kahawia, unga una sianidi, na kadiri rangi inavyokoza ndivyo sumu inavyozidi. Kiwango kinachokubaliwa kimataifa kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 katika kilo moja. Mwanafunzi, chupa, karatasi, na gunia la Mkata: maabara ya kupima jambo hilo inaingia ndani ya kikapu.

Tumelikawia suala la muhogo makusudi, kwa kuwa ndilo linalotufikisha kwenye vyuo. Kazi ya namna hii hukataliwa na vyuo vikubwa kwa sababu ni ndogo, na vyuo vidogo huiacha kwa sababu vinaona haya kuonekana vidogo. Chuo chenye wanafunzi wachache hujilazimisha kuiga ukumbi wa mihadhara wa wanafunzi mia tano, kikanunua mashine moja ya fahari, kikaifunika kitambaa na kuionyesha kwa wageni wa Serikali. Mwanafunzi anamaliza miaka mitatu ameiona mara mbili.

Lakini udogo wenyewe ni mtaji. Huko Marekani kuna desturi ya zamani ya vyuo vidogo vya elimu ya jumla, vyenye wanafunzi elfu moja au mbili, ambako anayesomea kemia husoma pia historia, lugha na falsafa, na ambako wanafunzi wa shahada za juu ni wachache au hawapo kabisa. Kwa kuwa hawapo, vyombo vya maabara havina wa kuvishika ila kijana wa shahada ya kwanza mwenyewe, akiwa bega kwa bega na mwalimu wake. Jennifer Doudna, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020, alisoma baiokemia katika chuo cha namna hiyo, Pomona, akahitimu mwaka 1985. Thomas Cech, aliyeipata tuzo hiyo mwaka 1989, alitoka Grinnell, chuo kidogo cha jimbo la Iowa. Na kwa walio karibu nasi zaidi, Wangari Maathai wa Kenya, kabla hajapanda mti wake wa kwanza wa harakati, alisomea biolojia katika chuo kidogo cha masista huko Atchison, Kansas, akahitimu mwaka 1964. Ndiye aliyepewa Nobel ya Amani mwaka 2004.

Hatuna ushamba wa kudhani kwamba kila cha Marekani kinatufaa. Ada za vyuo hivyo hazisemeki, na bustani zao si haja yetu. Wala desturi ya mwalimu mmoja kukaa na wanafunzi wachache haikutufikia kwa meli kutoka huko. Katika mwambao wetu neno "chuo" lilikuwa la madrasa kabla halijawa la chuo kikuu. Sisi tuliokaa mkekani tunakumbuka utaratibu wake: kila mtoto na ubao wake, kila mmoja na mahali alipofika, na kila mmoja huitwa mbele asome peke yake mpaka mwalimu aridhike. Hapakuwa na kujificha nyuma ya wenzako. Mwanafunzi wa nyuma kabisa alijulikana kosa lake liko katika herufi gani.

Ila chuo hicho kilikuwa na kasoro yake, na haina maana kuificha: mtoto aliweza kuhifadhi kurasa na kurasa pasipo kuelewa neno. Kasoro hiyo ndiyo tuliyoihamishia kwenye baiokemia, tukaiacha huko nyuma faida ya ubao. Kijana huhifadhi mzunguko wa Krebs, ule uliofumbuliwa mwaka 1937 unaoeleza chembe hai zinavyokiunguza chakula kupata nguvu, akautaja wote kutoka mwanzo hadi mwisho kama anayesoma nyiradi, akapata alama zake. Mwulize kwa nini bibi yake hakubali muhogo mchungu uliwe bila ya kulowekwa, atakwambia ni mila.

Lawama si ya kijana. Amefundishwa kwa Kiingereza maneno ambayo hakuna aliyemwonyesha yanagusa wapi nyumbani kwao. Kamusi ya biolojia, fizikia na kemia kwa Kiswahili imekuwapo tangu mwaka 1990, kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, na maneno kama kimeng'enya yamo humo. Lakini mhitimu wa kemia ya uhai asiyeweza kusimama chini ya mwembe pale Mkata na kuwaeleza akina mama habari ya linamarini kwa lugha yao amefuzu nusu ya somo. Serikali yetu ililijua hili zamani. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, ziliwakusanya wananchi kwa makundi mbele ya redio, na mambo yaliyozungumzwa humo, ya maji machafu, ya lishe ya mtoto, ya protini, yalikuwa baiokemia tupu ila kwa jina. Wakati ule hatukuwa na wahitimu wa kutosha. Sasa tunao, na makundi hayapo.

Mfano mzuri wa neno linalofanya kazi ni sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na kuvu anayeota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Haionekani kwa macho, haiondoki kwa kupikwa, na huliharibu ini. Dunia iliifahamu baada ya bata mzinga kwa maelfu kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Sisi tuliifahamu kwa uchungu zaidi mwaka 2016, ilipowaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Siku hizi mkulima wa kawaida anaweza kuambiwa "angalia sumukuvu" akaelewa kuna kuvu na kuna sumu. Jina moja lililoundwa vyema limefanya kazi ambayo vijitabu kumi vya Kiingereza havikuifanya. Na kwa kuwa Handeni ni nchi ya mahindi kuliko ilivyo ya muhogo, shughuli ya kijana wa baiokemia pale Mkata haitaisha na karatasi za pikrati.

Upande wa Korogwe una habari nyingine. Kituo cha utafiti wa magonjwa ya binadamu kilichoko huko kilikuwa kimojawapo cha vituo vilivyoijaribu chanjo ya malaria, RTS,S, katika nchi 7 za Afrika kuanzia mwaka 2009, na chanjo hiyo ikapendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Watoto wa Korogwe walitoa damu yao kwa jambo kubwa la dunia. Ni heshima, na tunaitambua. Lakini itakuwa vyema kizazi kinachofuata cha Korogwe na Handeni kisiijue sayansi kwa upande wa sindano tu, bali kiijue pia kwa upande wa anayeisoma ile chupa ya damu.

Turudi visiwani, maana mzigo ni wetu pia. Tunavyo vyuo ambavyo ukubwa wake unafaa kabisa kwa kazi tunayoisema. Chuo cha Chukwani kilianza mwaka 1998 kwa kufundisha walimu, na hata leo walimu wa sayansi wanaotoka huko ndio wanaosimama mbele ya watoto wetu wa sekondari. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kikafungua milango mwaka 2001. Hakuna haja ya kuvigeuza kuwa nakala dhaifu za Mlimani. Vifanye yale ambayo Mlimani, kwa wingi wa watu wake, hauwezi: kumfahamu kila mwanafunzi kwa jina na kumpa tatizo moja la kweli alichunguze mwaka wake wa mwisho.

Matatizo ya kweli hayajapungua. Mwani umelimwa kibiashara Paje na Jambiani tangu mwaka 1989, na waliosimama majini wakipigwa na jua ni wanawake kwa wingi wao. Kinachotakiwa na wanunuzi si jani bali ni karajinani iliyomo ndani, utomvu wenye kugandisha unaotiwa katika dawa ya meno na vyakula vya viwandani. Sisi huuza mwani mkavu kwa kilo, na elimu ya kuitoa na kuisafisha karajinani, ambayo ndiyo bei yenyewe, iko ng'ambo. Tena ile aina ya kotonii, yenye bei bora, imekuwa ikifa kwa joto la bahari, na wakulima wengi wamebaki na aina ya bei ya chini. Kwa nini afe huyu na asife yule? Swali hilo ni la baiokemia, na mahali pa kuliulizia ni Paje, si Copenhagen. Nchi iliyoweza kukamua mafuta ya makonyo pale Wawi haiwezi kusema kwamba jambo hili limeizidi kimo.

Tumesema mzazi hulia matanga. Tuwe wakweli: hana makosa yote. Anatazama mbele, haoni kiti ambacho mwanawe atakikalia. Hapo ndipo tunapowageukia waheshimiwa maofisa, wa Serikali ya Mapinduzi na wa Serikali ya Muungano. Upande wa bara usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango tangu mwaka 2019. Visiwani tuna Wakala wa Chakula na Dawa. Pande zote mbili zina maabara za Mkemia Mkuu. Vyombo hivyo viko mijini, navyo hupata habari ya sumu baada ya watu kuugua. Halmashauri ya wilaya ina bwana shamba, ina bwana afya, ina mganga. Baina ya shamba na hospitali, pale ambapo muhogo hugeuka kuwa unga na mahindi kuwekwa ghalani, hana anayesimama. Tunaomba nafasi hiyo iundwe, iandikwe katika ikama na itengewe mshahara, tena ianzie wilaya zenye ukame. Mhitimu mmoja kwa wilaya, mwenye pikipiki na kikapu cha chupa, hatalifilisi taifa.

Kwa wakuu wa vyuo tuna ombi la namna nyingine. Fedha za kemikali zisiwe za kwanza kukatwa bajeti inapobana huku posho za vikao zikisalia. Na mtihani wa mwisho wa baiokemia uwe na sehemu moja inayofanywa nje ya mji, ambapo mwanafunzi atapima chakula cha watu halisi, atawarudishia majibu kwa Kiswahili, na atasahihishwa pia kwa jinsi walivyomwelewa. Wataalamu watasema jambo hilo halina vipimo sanifu. Lina vipimo: aende akaulize baada ya mwezi mmoja ni nyumba ngapi zinaendelea kutandaza unga kivulini. Elimu ya Kujitegemea, tangu ilipotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule isimtenge kijana na jamii yake. Hatujui njia iliyo rahisi kuliko hii ya kulitimiza hilo katika somo la sayansi, na haihitaji jembe la maonyesho kwa ajili ya wapiga picha.

Kuna watakaouliza kwa nini vijana wa Unguja na Pemba wapelekwe Mkata badala ya kuanzia kwao. Waanzie kwao, Micheweni na Makunduchi, hatukatai. Lakini sumu iliyomo katika gunia hukaguliwa vyema pale linapofungwa, si pale linapofunguliwa, na Chukwani haiko mbali sana na Handeni kwa anayetaka kwenda. Wakati wa kiangazi, makopa yakiwa yametandazwa majamvini, ndio wakati wa kupima. Kwa hesabu ya haraka, wanafunzi kumi, mwalimu mmoja, karatasi za vipimo na malazi ya wiki mbili katika shule ya msingi iliyofungwa kwa likizo ni gharama ndogo kuliko ya semina moja ya hotelini. Tunangoja kusikia ni chuo gani kitakuwa cha kwanza kuomba nauli hiyo, na ni ofisi gani itaisaini.